Mteremko Uliobaki

Kijiji kizima cha Ivuga, huko milimani juu ya Same, kilimjua Eliufoo kwa jina la Nusu, na sitasema kwamba walimwonea. Nyumba yake ilikuwa na chumba cha mbele kilichoezekwa bati zuri, na nyuma yake msingi wa chumba cha pili ambao tangu mwaka wa harusi ulikuwa ukiota majani na kulaza kuku. Aliwahi kuimba besi katika kwaya ya kanisa, akaacha Pasaka ilipokaribia. Aliwahi kujifunza useremala kwa fundi mmoja wa Same, akarudi akijua kutengeneza uso wa meza lakini si miguu yake. Mwishowe akawa mpasua mbao, kazi iliyomfaa, kwa sababu gogo likishaanza kupasuliwa mwenzako aliye upande wa chini wa msumeno hakuruhusu uondoke.

Mwaka wa sabini na mbili, miezi michache kabla ya Saba Saba, alipanda kijijini bwana michezo wa wilaya, kijana wa Bukoba aitwaye Respicius, suruali pana chini na filimbi shingoni. Aliwaeleza wanakijiji kwamba taifa linalojitegemea linahitaji watu wakakamavu, na kwamba kila kata itatoa mtu mmoja wa mashindano mapya. Mtu huyo ataogelea kuvuka mkono wa bwawa la Nyumba ya Mungu. Akitoka majini atapanda baiskeli mpaka Same. Akishuka kwenye baiskeli atakimbia kupanda mlima hadi kwenye jiwe litakalopakwa chokaa, aliguse, kisha ateremke mpaka uwanjani, na hapo ndipo mwisho.

"Nani hapa anajua kuogelea?" akauliza.

Watu wa Ivuga waliyajua maji ya mfereji, yale ambayo mtu huyageuza kwa jembe yakaenda anakotaka.

"Kuoga tunaoga, bwana," akajibu mzee mmoja, "Jumamosi kwa Jumamosi." Watu wakacheka.

Eliufoo alikuwa amesimama nyuma kabisa. Akanyoosha mkono. Labda ni kwa sababu asubuhi ile mkewe, Asnath, alikuwa amemuuliza tena habari za chumba cha nyuma, na mtu akiulizwa la chumba hutafuta pengine pa kuonekana mwanamume.

"Nusu!" mtu akapaza sauti. "Utafika katikati ya bwawa ugeuke?"

Hapo walicheka hasa. Respicius mwenyewe alitabasamu huku akiuliza jina lake kamili. Eliufoo alikuwa amelibeba jina la Nusu miaka yote bila kulalamika, lakini siku ile, mbele ya mgeni, lilimchoma. Jioni alimwambia Asnath, "Mama Raheli, hili nitalimaliza. Hata nikiwa wa mwisho, nitalimaliza."

"Haya," akasema Asnath, akaendelea kukoroga sufuria.

Mwalimu wake wa kuogelea alikuwa Lugano, mkata mkonge mwenye asili ya Kyela, aliyefanya kazi katika shamba moja huko tambarare ambako Eliufoo alikuwa akipeleka mbao. Lugano alijigamba kwamba kwao mtoto huogelea kabla hajajua kumwamkia shangazi yake. Tena alikuwa na baiskeli, na kwa mtu mwenye mpango wa Eliufoo hayo yalikuwa mambo mawili kwa rafiki mmoja. Somo la kwanza lilifanyika nchi kavu. Lugano alimlaza kifudifudi juu ya ubao uliowekwa kwenye magogo mawili, akamshika miguu na kumfundisha kuichezesha, huku wakata mkonge wenzake wakipita na kuuliza mgonjwa anaumwa nini.

"Sasa tafuta maji," akasema Lugano. "Mengine utafundishwa na hofu."

Maji yaliyokuwa karibu ni ya ndiva. Kila kijiji cha Upareni kilicho na akili kina ndiva yake: bwawa lililochimbwa na mababu, likajengewa ukuta mnene wa mawe na udongo upande wa bondeni. Maji ya kijito hujikusanya humo usiku kucha. Asubuhi mgawa maji huchomoa mti uliozibia tundu la chini, na maji hushuka mferejini kwenda kwenye maharage ya mwenye zamu. Katika ndiva ya Ivuga mgawa maji alikuwa Mzee Eliezeri, mtu wa maneno machache na goti bovu. Kufulia ndivani kulikatazwa, kunywesha ng'ombe kulikatazwa. Kuogelea hakukukatazwa, kwa kuwa tangu mababu hakuna aliyewahi kuwaza jambo kama hilo.

Basi Eliufoo akawa anaamka alfajiri, ndiva ikiwa imejaa na mzee hajafika, anavua shati, anaingia. Maji ya milimani asubuhi hayana huruma. Siku za mwanzo alikunywa mengi kuliko aliyoyaogelea, na alirudi nyumbani midomo imekuwa ya kijivu na meno yanagongana hata Asnath akawa anamwachia uji karibu na moto. Kisha asubuhi moja mwili ulikubali. Alijikuta amelala juu ya maji, anakwenda, na hakuna aliyemshika. Alifurahi kiasi cha kucheka kwa sauti, akameza maji tena.

Ndiva ni fupi. Ukipiga mikono mara chache umeshafika ng'ambo. Lakini Eliufoo aligundua jambo ambalo alilihesabu kuwa ufundi wake mwenyewe: akifika kwenye ukuta wa bondeni alikunja magoti, akaweka nyayo zote mbili ukutani, akajisukuma kwa nguvu, na msukumo huo ulimfikisha katikati ya bwawa bila kupiga mkono hata mmoja. Alichagua sehemu moja ambapo ukuta ulisimama wima na maji yalikuwa na kina, akawa anajisukumia hapo hapo kila asubuhi. Alijiona ameshaiva.

Lugano alimpeleka Nyumba ya Mungu Jumapili moja, mmoja akiendesha na mwingine amekaa kwenye kiti cha nyuma, wakibadilishana. Wavuvi walikuwa wakianika perege. Eliufoo aliingia majini kwa kujiamini, akapiga mikono yake, akafika pale alipozoea kukuta ukuta, akakunja magoti na kusukuma. Miguu ikasukuma maji matupu. Akazama, akaibuka, akapiga kelele iliyowafanya wavuvi waache perege wao. Lugano alimvuta kwa nywele hadi penye kina cha kiuno.

"Ulikuwa unatafuta nini?"

"Ukuta," akasema Eliufoo, akikohoa.

Lugano alicheka mpaka akakaa chini mchangani. "Ndugu yangu, ziwa halina ukuta. Ukichoka, unachoka hapo hapo ulipo."

Kuanzia hapo Jumapili zikawa za bwawa na siku nyingine za ndiva. Mchungaji akauliza habari zake mara mbili, kisha akaacha. Na msidhani mambo yalikwenda yakipanda tu. Barabara za tambarare zina miiba inayopenda matairi, na Eliufoo alijifunza kuziba pancha akiwa amezungukwa na vijana wa Kimaasai waliotaka kujua kwa nini mtu mzima anaendesha baiskeli kwenda mahali halafu anarudi bila mzigo. Kiti cha baiskeli kilimchubua mahali ambapo hawezi kumwonyesha mtu, akawa anakaa kanisani kwa upande mmoja. Mbu wa bondeni walimlaza kwa homa wiki nzima, na alipoinuka miguu ilikuwa imesahau kila kitu. Alianza upya. Makande aliyokuwa akila yeye peke yake yangetosha wapasua mbao watatu, na Asnath alilisema hilo kwa uwazi, tena mbele ya wageni.

Lakini siku nyingine alipanda kutoka Same akikimbia, pumzi imetulia, akiwapita akina mama wanaotoka sokoni, na alipofika juu hakutaka kusimama. Siku hizo alikuwa mwepesi hata kwa ucheshi. Raheli, binti yake, alimpokea akiruka, na yeye akamrusha juu. Asnath aliona, akaanza kumwekea nyama kidogo kwenye makande.

Zikabaki siku mbili kufika Saba Saba. Asubuhi ile Eliufoo alitoka majini, akazunguka upande wa nje wa ukuta kuchukua shati lake, akaona doa la unyevu kwenye udongo. Dogo tu, kama mbuzi amekojoa hapo. Akaweka kidole. Maji yalikuwa yakitoka ndani, taratibu, mahali pale pale ambapo kwa upande wa pili alikuwa akiweka nyayo zake.

Alielewa bila kufundishwa. Ukuta wa ndiva umejengwa kubeba maji yaliyotulia, haukujengwa kupigwa mateke kila alfajiri na mwanamume aliyeshiba makande. Alikata jani la mgomba, akalikunja, akalishindilia kwenye doa, akapaka udongo juu yake. Unyevu ukakoma, au ulionekana kukoma. Kwa kweli ilipaswa ndiva ifunguliwe, imwagwe, mawe yatolewe, udongo ukandwe upya upande wa ndani. Hiyo ni kazi ya msaragambo, ile ambayo pembe ikipulizwa kila mtu huacha alichoshika na kwenda. Lakini msaragambo ungemaanisha kumweleza Mzee Eliezeri sababu, na ungekula siku zote mbili zilizobaki. Akajiambia atasema baada ya Saba Saba. Akaacha hapo, kazi ikiwa nusu.

Saba Saba ilipofika, Ivuga iliteremka yote. Kwaya iliteremka na sare zake. Wapasua mbao waliteremka na ngoma. Waliobaki ni wazee, wenye watoto wachanga, Mzee Eliezeri na goti lake, na Asnath, aliyesema kwamba mtu unayemwona kila siku akitafuta soksi huhitaji kushuka Same kumtazama. Kwa kuwa ilikuwa sikukuu hakuna aliyekuwa na zamu, na ndiva haikufunguliwa. Ilijaa, ikazidi kujaa.

Huko Nyumba ya Mungu wavuvi walipanga mitumbwi yao pande mbili kama uchochoro, wakipiga maji kwa makasia kufukuza mamba, na Respicius akapuliza filimbi. Eliufoo alitoka majini karibu wa mwisho, lakini alitoka. Hakutafuta ukuta hata mara moja. Lugano alimshikia baiskeli, akamsukuma mgongoni, akasema neno moja la kwao ambalo Eliufoo hakulijua ila alilielewa. Katika barabara kuu aliwapita wanne waliokunywa maji mengi na mmoja aliyekuwa akiziba pancha. Alipoingia Same alisikia kwaya yake ya zamani, ile aliyoitoroka kabla ya Pasaka, ikiimba jina lake. Walikuwa wakiimba Eliufoo, si Nusu. Hilo lilimpa miguu mipya.

Mlima ulikuwa wake. Alikuwa ameupanda na mbao kichwani, ameupanda na homa, ameupanda siku ya harusi. Aliwapita vijana wa kata za tambarare, wakiwa wamejishika viuno, akampita askari mmoja aliyekuwa akitapika kando ya njia. Alipofika kwenye jiwe lililopakwa chokaa, mbele yake walikuwa watu wawili tu, na wote walikuwa wameanza kuchechemea. Aliligusa jiwe kwa kiganja kizima. Chokaa ikabaki mkononi. Kilichosalia kilikuwa mteremko, na kwenye mteremko ule hakuna mtu wa wilaya nzima aliyeweza kumshika.

Hapo ndipo aliposikia pembe.

Ilitoka upande wa Ivuga, nyuma ya kilima cha migomba, ndefu, ikakatika, ikarudia. Pembe ya msaragambo. Msimamizi aliyekaa kwenye jiwe, mtu wa mjini, alisema, "Huko nao wanasherehekea." Eliufoo alisimama. Alijua ni nini kilichopasuka, tena alijua wapi. Alijua pia kwamba kila mwanamume wa Ivuga mwenye mgongo mzima yuko uwanjani Same akimsubiri yeye. Alitazama chini alikotoka, akaona vumbi na mabati ya mji yakimetameta. Nitasema ukweli: alitazama muda mrefu kidogo kuliko ilivyostahili. Roho ilimuuma hasa. Kisha akageuka, akashika njia ya kwao, msimamizi akimwita, "Wewe! Ni huku! Ni huku chini!"

Alikuta maji yakiruka kutoka ukutani kwa unene wa paja, yakichimba njia kuelekea kwenye maharage. Asnath alikuwa amesimama katikati ya hayo maji, khanga imemganda, akishindilia gunia la udongo kwa nje, na maji yakilisukuma gunia na yeye mwenyewe. Mabibi wawili walikuwa wakimpa mawe. Mzee Eliezeri alikuwa na pembe mkononi.

"Kwa nje haizibiki," mzee akasema. "Lazima izibwe kwa ndani, na kule ndani nani atakwenda?"

Eliufoo aliomba shina la mgomba lililokatwa na gunia la udongo, akaingia ndivani, akavuta pumzi na kuzama. Hakupapasa. Alikwenda moja kwa moja mpaka mahali pake, miguu ikatangulia, nayo ikalikuta tundu kama mtu anavyokuta mlango wa nyumba yake gizani. Alishindilia shina. Akapanda kuvuta pumzi, akashuka na gunia, akalikanyaga. Akapanda, akashuka. Asnath alikuwa amekuja ukingoni, akimpa udongo kila alipoibuka, na wakati mmoja alimshika nywele ili apumzike, hakuachia mpaka alipopata pumzi. Mwishowe maji ya nje yakapungua, yakawa kama mkono, kama kidole, yakakoma.

Alipotoka mzee alimtazama sana.

"Ulijuaje lilipo? Hukutafuta."

Angeweza kusema lolote. Aliuona pia uwezekano wa kuitwa shujaa, ulikuwa umesimama karibu kabisa.

"Nilitoboa mimi, mzee," akasema. "Kwa miguu. Kila asubuhi nilikuwa najisukuma hapo. Juzi niliona maji yakitoka, nikaziba kidogo, nikanyamaza."

Asnath aliangalia pembeni. Mzee Eliezeri aliinama, akaokota jiwe moja lililochomoka, akampa mikononi. "Basi wenzako watakaa," akasema. Na ndiyo desturi: aliyebomoa kwa uzembe hujenga yeye, na msaragambo humtazama.

Jioni watu walirudi kutoka Same wakiwa na hasira ya njia nzima. Kwaya ilikuwa imeimba hadi sauti zikakauka. Mshindi alikuwa mtu wa Ngujini. Respicius alikuwa ametangaza kwa kipaza sauti kwamba mshiriki wa kata yao amejitoa. "Hata kuteremka, Nusu?" walimuuliza, wakimkuta ndani ya ndiva iliyokwisha kumwagwa ili ukuta ujengwe upya, matope hadi mapajani. "Mteremko nao umekushinda?" Walipoelezwa sababu hawakupoa, walihamisha hasira tu, kwani maharage yaliyosombwa yalikuwa na wenyewe. Hakuna aliyemshukuru. Eliufoo hakutegemea shukrani, ila mjue kwamba alizisikiliza kama zitakuja.

Alijenga. Alibeba mawe kutoka mtoni, akakanda udongo kwa miguu ile ile, akatandika tabaka juu ya tabaka, na kila jioni Mzee Eliezeri alipita, akagonga kwa fimbo, akasema "Bado." Siku aliposema "Jaza maji" ilikuwa Jumapili, saa za ibada. Ukuta haukutoa hata jasho.

Eliufoo hakwenda kanisani wala nyumbani. Alichukua njia ya kuteremka hadi kwenye jiwe. Mvua haikuwa imenyesha, chokaa ilikuwepo bado. Aliligusa kwa kiganja kizima, akaanza kukimbia.

Alikimbia mteremko wote. Kwenye kona aliposikia mbwa alifikiri ni makofi. Uwanjani Same hapakuwa na mtu ila mbuzi wachache, mabaki ya matawi ya mapambo, na Mwanamkasi, mwanamke wa Kitanga aliyekuwa akikaanga vitumbua karibu na lango siku zote, sikukuu na zisizo sikukuu. Mstari wa mwisho ulikuwa umefutika nusu. Eliufoo aliukanyaga pale ulipobaki, akasimama, mikono magotini.

"Baba, unafukuzwa?" Mwanamkasi akauliza.

"Namaliza, mama."

"Unamaliza nini?"

"Mashindano ya Saba Saba."

Mwanamkasi alitazama mbuzi, akatazama barabara, akamtazama tena. "Wenzako walimaliza wiki iliyopita."

"Najua," akasema Eliufoo. Akamwomba maji ya kunywa, akapewa na kitumbua kimoja kilichoungua, akapanda mlima kurudi kwao, kwa kutembea.

Mashindano yale hayakurudiwa. Respicius alihamishwa mwaka huo huo, na aliyemfuata alipenda mpira. Kwa hiyo kumbukumbu zote, kama zipo, zinasema kata ile haikumaliza. Lakini jioni ile Eliufoo alifika nyumbani, akakaa kwenye kigoda jikoni, akangoja Asnath apakue. Alikuwa na furaha asiyojua pa kuiweka.

"Mama Raheli," akasema, "nimemaliza. Nimetoka Same sasa hivi. Nimefika mpaka kwenye mstari."

Asnath alimtazama. Aliona vumbi, aliona chokaa kiganjani, na hakuhitaji maelezo zaidi. Akamjazia sahani, akaiweka mbele yake, akakaa.

"Vizuri, Baba Raheli," akasema. "Kesho tutoe kuku kwenye ule msingi."